Fundi wa Kaptembwo anauliza: Nilipie SHA, ninunue bima ya kampuni au niweke pesa chamani?

Kwako mama mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Kaptembwo, Nakuru. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Natengeneza mageti, grili za madirisha, na shule zikifungua napata kazi ya vitanda vya mabweni. Nina kibanda changu kando ya barabara na kijana mmoja wa mkono. Nina miaka 34, mke na watoto wawili. Mke wangu anauza ndizi na maembe katika soko la Top Market, na sasa ana mimba ya miezi mitano.

Hadi 2023 nilikuwa nimeajiriwa kiwandani. NHIF, ile bima ya afya ya serikali ya zamani, ilikatwa kwenye mshahara kabla hata sijauona, kwa hivyo sikuwahi kuumiza kichwa kuhusu bima. Mtoto akiugua unabeba kadi, basi. Tulipoachishwa kazi nikaanza yangu, na bima ikaishia hapo.

Kilichoniamsha ni jirani yangu wa kibanda. Alikuwa anakata chuma kwa grainda bila miwani, kipande kikamrukia jichoni, ikabidi afanyiwe upasuaji. Tulifungua kikundi cha WhatsApp, tukachanga, mimi nikatoa elfu mbili, lakini bili ilipanda haraka kuliko mchango. Mwishowe aliuza mashine ya kuchomelea, akauza na jenereta. Jicho linaona kiasi, namshukuru Mungu, lakini leo ni kibarua katika kibanda cha mtu mwingine.

Basi nikapiga *147#, nikajiandikisha SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF, nikajibu yale maswali ya paa, ukuta, maji, choo na unapikia nini. Nyumba ninayopanga ni ya mawe, ina stima, na choo ni cha kuvuta maji ingawa tunakitumia wapangaji sita. Jibu likaja: Sh11,400 kwa mwaka, nilipe zote kwa mpigo. Mama, Desemba naweza kushika hata elfu sitini kwa sababu watu wanamalizia nyumba zao. Lakini Januari na Februari nimewahi kukaa wiki mbili bila kuwasha mashine. Enzi ya NHIF, sisi tuliojiajiri tulikuwa tunalipa mia tano kwa mwezi. Hizi elfu kumi na moja za mara moja nitazitoa wapi?

Halafu kuna ajenti wa bima anayenitembelea kibandani. Anasema SHA ni kupoteza pesa. Ana mpango wa Sh48,000 kwa mwaka kwa familia yote: kulazwa hadi Sh500,000, na Sh50,000 za kutibiwa bila kulazwa. Nilipomwambia kijana wangu mkubwa ana pumu na mke ni mjamzito, alicheka, akasema, "Hayo tusiyaandike kwenye fomu, utajisumbua bure." Anataka nimtumie elfu kumi za kwanza kwa namba yake ya simu, kwa sababu eti ofa inaisha Ijumaa.

Shemeji yangu naye anasema bima zote ni wizi, niongeze hisa kwenye chama. Tuko watu 15, kila mmoja Sh1,000 kwa wiki, na anayefikiwa na zamu anaondoka na zote.

La mwisho ni mama yangu mzazi. Yuko Kakamega, ana miaka 67, ana presha na sukari, na dawa zake nazinunua mimi. Nilidhani nikijiandikisha ataingia chini ya jina langu, lakini mtambo haukukubali.

Nianze na lipi?

Fundi, Kaptembwo

*

Mwanangu fundi,

Lipa SHA, na uilipe kabla mimba haijakomaa. Bima ya kampuni ingoje hadi mwakani. Chama endelea nacho, ila usikipe kazi isiyokuwa yake. Na kwa namba ya huyo ajenti usitume hata shilingi. Sasa nikupe sababu, maana najua shemeji yako atakuuliza.

Tuanze na hizo Sh11,400, kwa kuwa ndizo zinazokunyima usingizi. Chini ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, kila kaya inatakiwa itoe asilimia 2.75 ya mapato yake. Mwenye mshahara anakatwa, hana la kusema. Wewe na mkeo hamna payslipu, kwa hivyo mtambo unayakisia mapato yenu kutokana na majibu yale ya paa na choo. Ukitaka kujua ulikukisia ngapi, chukua Sh11,400 ugawe kwa miezi 12, unapata Sh950 kwa mwezi. Sh950 ni asilimia 2.75 ya takriban Sh34,500. Hicho ndicho kiasi ambacho serikali inadhani kinaingia nyumbani kwenu kila mwezi.

Je, imekosea? Kabla hujasema ndiyo, kumbuka kinachopimwa ni kaya, wala si kibanda chako peke yake. Jumlisha Desemba yako na Februari yako, ongeza faida ya maembe ya Top Market, kisha gawa kwa kumi na mbili. Ikifika thelathini na kitu, mwanangu, lipa unyamaze. Ikiwa chini sana ya hapo, nenda ofisi ya SHA au Huduma Centre hapo mjini na ulalamike, lakini usiende mikono mitupu. Beba daftari lako la oda na taarifa ya M-Pesa ya miezi kadhaa, waone ile Januari kwa macho yao. Waeleze pia kuhusu choo. Choo cha wapangaji sita hakimfanyi mtu kuwa tajiri, na maswali yale huwa hayana mahali pa kueleza jambo kama hilo. Ila usije ukamsikiliza atakayekuambia urudie maswali ujibu kwamba unaishi nyumba ya udongo. Kiwango cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka, na hakuna mbinu itakayokushusha chini ya hapo.

Kuhusu ile mia tano ya NHIF, naielewa hamu yako. Ilikuwa Sh6,000 kwa mwaka kwa kila aliyejiajiri, awe mwenye kibanda au mwenye hoteli, na ungeweza kuilipa mwezi kwa mwezi. Lakini NHIF ilifungwa na SHA ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, na kadi ya zamani haifungui mlango wowote. Nikiulizwa mimi, hili la kumdai mama mboga mchango wa mwaka mzima kwa mpigo lilipangwa na watu wanaolipwa kila mwisho wa mwezi. Hawajawahi kungoja dipoziti ya geti. Lakini ndiyo sheria iliyopo, na hospitali watakapoangalia jina lako hawatataka kusikia maoni yangu.

Mwaka 2025 serikali ilileta mpango unaoitwa Lipa SHA Pole Pole kwa ajili ya watu kama wewe. Unakopeshwa mchango wa mwaka, SHA inalipwa zote, nawe unarudisha kidogo kidogo. Unaweza kukufaa, ila uuite kwa jina lake, kwamba ni mkopo, na usome masharti kama unavyosoma ya mkopo mwingine wowote. Kwako wewe naona kuna njia iliyo fupi zaidi. Kazi yako huanza na dipoziti. Kwenye oda zako mbili tatu zijazo, pesa ikiingia tu, toa sehemu ya SHA kabla hujaenda kununua mabomba na shiti, kwa sababu ukishafika duka la vyuma hairudi. Ukishavuka mwaka huu wa kwanza, jiwekee desturi ya kutoa Sh500 kwa kila geti linaloondoka kibandani, kwenye akaunti usiyoweza kuifungua kirahisi. Mageti 23 yatakuwa yamelipa mwaka mzima, tena kwa kiasi usichokihisi. Ikiwa kazi nyingi ni grili ndogo, basi Sh40 kila siku unayowasha mashine, na siku 285 zinakufikisha palepale.

Sasa unanunua nini kwa pesa hizo? Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, na ndipo ajenti wako alipopata nafasi ya kukuambia ni kupoteza pesa.

SHA ina mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa huduma za msingi, unaolipia zahanati na vituo vya afya, yaani levo ya pili na ya tatu. Huo hauhitaji uwe umelipa mchango. Unahitaji tu uwe umejiandikisha. Homa ya mtoto, kikohozi, kidonda, kliniki ya wajawazito, kupima presha, yote hayo unaweza kuanzia hapo leo. Ukweli ni kwamba dawa zikiisha utaandikiwa karatasi ukanunue kemisti, na hilo hutokea mara nyingi kuliko inavyopaswa. Wa pili ndio SHIF, mfuko wa hospitali kuanzia levo ya nne hadi ya sita, ikiwemo ile ya Nakuru ambayo wazee bado wanaiita PGH. Kulazwa na upasuaji viko huku, na huku bila mchango uliolipwa hupiti. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu yanayomaliza pesa za mfuko wa pili. Huo tuombe usiujue.

Jirani yako wa jicho alihitaji mfuko wa pili. Mkeo naye anauhitaji, maana kujifungua hulipwa na SHIF. Bei zilizotangazwa ni Sh10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na Sh30,000 kwa upasuaji. Angalia basi: unalipa Sh11,400, na ndani ya miezi minne kuna huduma ya Sh10,000 kwa uchache ambayo hutaitoa mfukoni. Mkunga akisema mtoto amekaa vibaya, inakuwa Sh30,000. Hesabu hiyo peke yake ingetosha kunishawishi, hata kama mwaka mzima hakuna mwingine atakayeugua.

Lakini usijifungie na furaha hiyo nyumbani. Kiasi hicho ndicho SHA inachoilipa hospitali, na hospitali za binafsi mara nyingi zina bei yao iliyo juu zaidi. Tofauti ni yako. Kwa hivyo mwezi huu huu, si siku ya uchungu, mkeo aende dirishani katika hospitali anayoitaka aulize maswali mawili tu: mnapokea SHA kwa wajawazito, na mimi nitaongeza ngapi kwa kawaida na ngapi kwa upasuaji? Wakijibu kwa kuzungukazunguka, aulize kwingine. Jambo lingine: hakikisha ameunganishwa na wewe kwenye mtambo kama mwenzi wako, na watoto wawili wameongezwa kwa vyeti vyao vya kuzaliwa. Mkeo anajiandikisha kwa kitambulisho chake, lakini halipi mchango wa pili. Kaya ni moja, mchango ni mmoja. Wapo watu waliolipa vizuri kabisa halafu wakafika wodini wakaambiwa mke hayumo. Usikubali kulijua hilo saa nane za usiku. Mtoto akizaliwa, mwongeze.

Twende kwa ajenti.

Mimi sina ugomvi na bima za kampuni. Mtu mwenye kipato kinachoruka kama chako, ambaye mikono yake na macho yake ndiyo duka lake, anaihitaji siku moja. Ugomvi wangu ni na huyo mtu na hiyo fomu. Amekuambia ufiche pumu na mimba. Unajua wewe mwenyewe ukichomelea juu ya kutu: geti litasimama, mteja atalipa, na kona itaachia siku mtu akiligonga. Fomu yenye uongo ni hivyo hivyo. Utalipa ada miezi kumi bila neno, halafu kijana akilazwa na pumu kampuni itaitisha rekodi zake za kliniki, ione ugonjwa ulikuwepo kabla, na ina haki ya kukataa dai. Hapo utakayemtafuta ni ajenti, na simu yake itakuwa haipatikani. Yeye komisheni yake alishakula.

Na hata ungeandika ukweli wote, bima hiyo isingemfaa mkeo kwa ujauzito huu. Kampuni za bima zina kipindi cha kungoja. Kwa kawaida ajali hulipwa mara moja, ugonjwa wa ghafla baada ya kama siku 30, lakini uzazi na magonjwa uliyoingia nayo huchukua takriban mwaka. Mimba ya miezi mitano haiwezi kungoja mwaka. Ndiyo maana nakuambia bima ya kampuni ni ya mwakani. Sh48,000 leo zingekuwa zinakulinda wewe na mtoto mdogo, huku wawili wenye uwezekano mkubwa wa kuingia hospitali wakiwa nje.

Ukifika wakati, mwakani au ule unaofuata, nakusihi uinunue kwa akili. Toa kabisa ile sehemu ya kutibiwa bila kulazwa. Sh50,000 za kwenda kumwona daktari zinapendeza machoni, lakini ndiyo sehemu inayopandisha ada, na kazi yake zahanati inaweza kuifanya. Bima ya maana kwa fundi ni ile inayolipa bili ambayo ingekufanya uuze mashine. Homa ya Sh800 haiwezi kuuza mashine. Upasuaji unaweza, uliona kwa jirani. Kwa hivyo omba bei ya kulazwa peke yake, halafu ulinganishe za kampuni tatu au nne.

Na ukilinganisha, usiangalie ile Sh500,000 iliyoandikwa kwa wino mnene. Uliza kama ni ya kila mtu au ni ya familia yote mkigawana, kwa sababu tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya ada. Uliza pumu, ikishakubaliwa, imewekewa kiasi gani ndani ya hiyo jumla. Mara nyingi magonjwa sugu hupewa kipande kidogo tu. Omba orodha ya hospitali za Nakuru, wala si za Nairobi, na uangalie kama ile mliyoizoea imo. Uliza nani anapaswa kupigiwa simu kabla ya kulazwa, maana bila idhini yao hospitali inaweza kukudai wewe. Jambo ambalo ajenti wako hakulisema ni kwamba mikataba mingi ya kampuni inahesabu kwamba una SHA tayari: SHA inalipa sehemu yake kwanza, kampuni inamalizia. Usipokuwa na SHA hai, ile sehemu ya kwanza inakurudia. Kwa hiyo huyu anayekuambia SHA ni kupoteza pesa anakuuzia kitu kinachoitegemea SHA hiyohiyo.

Ajenti wa kweli ana leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, ambayo huchapisha majina ya walioidhinishwa. Pesa za bima zinaenda kwa akaunti au paybill ya kampuni yenyewe, na unapewa risiti yenye jina la kampuni. Anayetaka itumwe kwa namba yake binafsi, Ijumaa isipite, mwache Ijumaa ipite.

Kidogo kuhusu kodi, kama unawasilisha ritani ya mapato ya kawaida: ada ya bima ya afya ya kampuni inakupa nafuu ya asilimia 15, isiyozidi Sh60,000 kwa mwaka, ukiwa na cheti kutoka kwa kampuni. Kama unalipa ile kodi ya mauzo (turnover tax), hilo halikuhusu.

Nije kwa shemeji. Ana haki ya kuwa na hasira na bima, wengi wameumizwa, lakini hesabu yake haikamiliki. Watu 15 kwa Sh1,000 ni Sh15,000, na zamu yako inakufikia mara moja kila wiki 15. Kidole tumbo hakisomi ratiba ya chama. Hata wakikuhurumia wakakupa zamu ya mtu mwingine, Sh15,000 ni siku chache za wodini. Na kama chama chenu ni cha watu wa kazi moja, mtaa mmoja, Februari kazi ikikauka inawakaukia nyote pamoja, na ndiyo wiki utakayowahitaji. Tumia chama kwa kile kinachokiweza: kununua jenereta, karo, na hata kulipia SHA. Kwa kweli hapo naona jambo zuri. Kwa nini msikubaliane kwamba kila anayepokea zamu analipa kwanza SHA ya kaya yake, mhasibu akiona, ndipo anaondoka na salio? Ndani ya wiki 15 nyote mna bima, na hakuna aliyehisi mzigo. Mkishakuwa kikundi kilichosajiliwa mnaweza hata kuomba bima ya kampuni ya pamoja. Vikundi hupata bei nafuu na masharti laini zaidi kuhusu magonjwa ya awali kuliko mtu anayekuja peke yake.

Hukuniuliza kuhusu kijana wako wa mkono, lakini kwa kuwa umetaja grainda siwezi kunyamaza. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awawekee bima wafanyakazi wake, na kwa kijana huyo mwajiri ni wewe. Akipoteza kidole, huwezi kumwambia yeye ni wa kutwa tu. Wewe mwenyewe sheria hiyo haikulindi ukiumia, kwa hivyo kuna bima ya ajali binafsi ambayo hulipa kiasi fulani ukiumia ukashindwa kufanya kazi. Mara nyingi ni rahisi kuliko bima ya matibabu, ingawa ukitaja kazi yako ni ya kuchomelea wataongeza kidogo. Usiichanganye na zile bima za kwenye simu zinazotoa pesa kwa kila usiku uliolazwa. Hizo zinasaidia nauli na unga nyumbani, hazilipi bili. Na kabla ya zote hizo, nunua miwani miwili ya kazi, wako na wake.

Tumalize na mama wa Kakamega. Mtambo ulikuwa sahihi. Kaya yako kisheria ni wewe, mkeo na watoto; mzazi ni kaya yake. Hata enzi ya NHIF mzazi hakuwa akiingia kwenye kadi ya mtoto. Inabidi aandikishwe kivyake kwa kitambulisho chake, ajibu maswali yake, apate kiwango chake. Akiwa kwenye nyumba ya kawaida ya mashambani bila mshahara, huenda kikawa karibu na zile Sh3,600, na unaweza kumlipia kutoka kwa simu yako ukiwa Kaptembwo. Kama hana simu ya kujiandikisha, wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba hadi nyumba huko kijijini wanafanya kazi hiyo. Ndugu yako yeyote aliye karibu aulize mzee wa mtaa ni nani anayehudumia boma lenu. Sheria pia inaitaka serikali iwalipie wasiojiweza, kwa hivyo maswali yajibiwe kwa ukweli, ng'ombe mmoja ni ng'ombe mmoja.

Akishaandikishwa, hata kabla hujalipa, dawa za presha na sukari aanze kuzitafuta kwenye kituo cha afya cha karibu badala ya wewe kutuma pesa za kemisti kila mwezi. Siku dawa zipo utaokoa, siku hazipo utanunua kama kawaida. Mchango wake ulipeni mapema, kwa sababu sukari na presha kwa miaka 67 ni mtu anayeweza kuhitaji kulazwa bila notisi. Bima ya kampuni kwake usiitafute; nyingi zina ukomo wa umri wa kujiunga, na zinazompokea mtu wa umri huo zina ada ambayo ingemaliza mageti yako yote. Na mchango huo usiubebe peke yako kama una ndugu. Sh3,600 mkiwa watatu ni Sh1,200 kila mmoja kwa mwaka mzima.

Baba hukumtaja. Kama yuko naye hapo nyumbani, wao wawili ni kaya moja, na mchango huohuo mmoja unawatosha wote wawili.